HATARI YA TAMAA: MAJI KATIKA PAMBA NA DENI LA SIKU YA KIYAMA

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Miongoni mwa maradhi ya moyo yanayomla Muislamu bila ya kuyahisi ni tamaa. Ieleweke mwanzo kabisa kuwa kuhangaikia riziki si tamaa. Mkulima anayeamkia shambani na mfanyabiashara anayefungua duka wamo katika ibada maadamu nia ni njema na njia ni ya halali. Tamaa tunayoikusudia hapa ni moyo kukitaka kisicho haki yake, au kuitaka haki yake kwa njia ya batili.

Allah (S.W.) ameteremsha Sura nzima, At-Takaathur, kutuzindua kuwa kushindania wingi wa mali huwashughulisha watu mpaka wakaingia makaburini. Na katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Ka'ab bin Malik (R.A.), Bwana Mtume (S.A.W.) amebainisha kuwa mbwa mwitu wawili wenye njaa walioachiwa katika kundi la kondoo hawaliharibu kundi hilo zaidi ya vile pupa ya mtu ya mali na utukufu inavyoiharibu dini yake. Tuzingatie: kinachoharibiwa ni dini. Mali huenda hata ikaongezeka.

Mizani ya pamba

Tuuchukue mfano ulio karibu nasi. Lalago, katika wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, imo ndani ya ukanda wa pamba wa Usukumani. Familia nyingi za huko hungojea msimu wa ununuzi ili zilipe madeni, ada za shule na matibabu. Mwaka mzima wa jasho huamuliwa kwa dakika chache mbele ya mizani.

Malalamiko ya mizani hiyo ni ya zamani. Wakulima wa Kanda ya Ziwa kuona kuwa wanapunjwa na wanunuzi ni miongoni mwa sababu zilizowafanya waungane katika vyama vya ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakiongozwa na Paul Bomani, hata mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha Victoria Federation of Co-operative Unions. Ununuzi wa pamba ulipofunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, wanunuzi waliongezeka, lakini hila hazikukoma. Na wala haziko upande mmoja. Yuko mnunuzi anayeichezea mizani, na yuko mkulima anayenyunyizia maji pamba yake au kutia mchanga ndani ya roba ili lizidi uzito. Hayo si ya Lalago peke yake. Hutokea popote pamba inapopimwa.

Hukumu ya Sheria

Kwa mwenye mizani, inatosha Sura ya Al-Mutaffifin, ambayo mwanzo wake ni onyo la maangamivu kwa wale ambao wakipimiwa hutaka kitimizwe, na wakiwapimia wengine hupunguza. Na kaumu ya Nabii Shuaibu (A.S.) huko Madyan, pamoja na shirki yao, walionywa juu ya vipimo, wakakaidi, wakaangamizwa.

Kwa mwenye maji, imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vikapata umajimaji. Mwenye chakula akajitetea kuwa kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainishiwa kuwa mwenye kughushi si katika Mtume. Basi tuzingatie. Yule maji yake yalitoka mbinguni, na kosa lake lilikuwa ni kuficha tu. Itakuwaje kwa aliyeyachota kwa ndoo, akayamwaga kwa mkono wake, kisha akashona roba?

Hoja ya kulipiza

Hapa ndipo shetani anapoipamba tamaa ikaonekana kuwa ni haki. Mkulima husema: "Ananiibia kwenye mizani, nami najirudishia kwa maji." Mnunuzi naye husema: "Pamba yao ina maji, nami nafidia kwa mizani." Kila mmoja dhambi ya mwenzake ameifanya fat'wa yake.

Ni kweli wanazuoni wa Kishafi wanajadili mas'ala ya dhafar, yaani aliyedhulumiwa kuichukua haki yake mwenyewe anaposhindwa kuipata kwa njia nyingine. Lakini hilo ni kwa haki iliyothibiti, yenye kiasi kinachojulikana, na kutoka kwa aliyedhulumu mwenyewe. Mwenye kutia maji usiku hajui kesho atakutana na karani gani, wala hajui atapunjwa kilo ngapi, wala kama atapunjwa kabisa. Amedhulumu kabla ya kudhulumiwa. Tena madhara hayaishii kwa mnunuzi: pamba iliyolowa huharibu nyuzi na mbegu, na ikichafuka sifa ya pamba ya eneo, bei hushuka hata kwa jirani aliyevuna kwa uaminifu. Njia ya halali ni kudai mizani ikaguliwe, kukataa kuuza, au kushitaki kwa wenye mamlaka.

Khasara ya Akhera

Chukulia mtu ameongeza kilo mbili za maji katika kila roba, naye ana maroba kumi. Hizo ni kilo ishirini ambazo amelipwa bila ya kuziuza. Fedha yake itakwisha kabla ya mvua za vuli, lakini deni litabaki. Bwana Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa muflisi wa umati wake ni atakayekuja na Sala, Saumu na Zaka, hali ya kuwa amekula mali za watu, wadai watalipwa mema yake, na yakimalizika atatwishwa dhambi zao. Pia ametaja msafiri aliyechoka, anayenyanyua mikono mbinguni kuomba, ilhali chakula na vazi lake ni haramu: vipi atajibiwa?

Kwa hiyo toba ya dhulma haitoshelezwi na istighfari pekee. Pamoja na kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia, ni lazima haki irudishwe kwa mwenyewe au aombwe msamaha. Asipojulikana baada ya kutafutwa, wanazuoni wengi wamesema itolewe sadaka kwa niaba yake.

Na dawa ya tamaa ni kutoa. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, pamba si katika mazao ya Zaka, kwa kuwa si chakula cha kuwekeka. Imam Abu Hanifa anaiwajibishia. Ama fedha ya mauzo ikifikia nisabu na kuzungukiwa na mwaka, ni wajibu kutoa asilimia 2.5, na mnunuzi ana Zaka ya biashara.

Tunawausia maimamu wetu walikumbushe jambo hili katika khutba kabla ya vituo vya ununuzi kufunguliwa, kwani baada ya hapo roba huwa limekwishashonwa. Tunamuomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali Yake na atuepushe na haramu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.