Jiwe la kilele si jiwe la msingi

Katika kusahihisha mtihani wa tafsiri nilikutana na karatasi kadhaa zilizoandika "jiwe la msingi" mahali ambapo matini ya Kifaransa ilisema clef de voûte. Ndugu msomaji, kosa hili si la msamiati peke yake. Jiwe la msingi hutangulia, tena chini. Jiwe alilokusudia Mfaransa huwekwa mwisho, tena juu kabisa. Nyumba imesimamishwa kichwa chini, miguu juu! Wengine waliandika "jiwe kuu la pembeni", la Zaburi, ambalo ni jiwe la tatu. Ajuaye tao linavyosimama hawezi kukosea hivyo.

Tao huziba nafasi kati ya nguzo mbili bila boriti. Jiwe hustahimili sana kubanwa, lakini likivutwa hukatika upesi. Boriti ya jiwe ikielemewa, upande wake wa chini huvutika na kupasuka. Katika tao mawe huchongwa mfano wa kabari, membamba chini na mapana juu, hivyo kila moja likitaka kuanguka hubanwa na majirani zake. Mzigo hupita jiwe hadi jiwe mpaka mawe ya mwanzo, yaliyokaa juu ya nguzo huku na huku. Upande wa ndani napendekeza tuuite tumbo la tao, na wa nje mgongo.

Lakini tao halisukumi chini tu. Husukuma nguzo kwenda nje, na kadiri lilivyo bapa ndivyo msukumo unavyozidi. Nguzo ikisogea, mawe huachana na tao huporomoka. Ndiyo maana huegemezwa kwenye ukuta mnene, au hupangwa safu ili moja lilizuie jingine, kama katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliojengwa kwa matumbawe na chokaa. Magofu ya Kilwa yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Wakati wa kujenga, mawe hupangwa juu ya kalibu ya mbao kutoka pande zote mbili. Jiwe la kilele likishatiwa katikati, kalibu huondolewa na tao hujishika lenyewe. Heshima ya jiwe hilo inatokana na hapo, kwani kwa kweli halibebi kuliko wenzake. Tena tao lenye ncha laweza lisiwe nalo kabisa: mawe mawili hukutana kileleni, basi.

Kwa hiyo penye ujenzi tuandike "jiwe la kilele". Penye sitiari, "mhimili" watosha.

Kwa wanafunzi: mkiona tao la matofali hapa Kinindo, litazameni vizuri. Tofali la kuchoma aghalabu si kabari. Tafuteni kabari iko wapi (dokezo: pimeni unene wa udongo au saruji kati ya matofali, tumboni na mgongoni), kisha mwulizeni fundi yeye huiitaje kila sehemu, mtuletee majibu.