Nani Kaangalizia?

Haya wanangu, sogeeni huku kivulini. Mwenye simu aizime kwanza, nitamwambia wakati wa kuiwasha.

Tuseme tuko Moa. Kwa asiyepajua, Moa ni kijiji cha pwani wilayani Mkinga, kaskazini ya Tanga mjini. Ukizidi kwenda mbele unaingia Kenya, upande wa Vanga. Kuna bahari, kuna mikoko, kuna minazi, na kuna ngalawa na mashua zilizopandishwa mchangani. Mahali pa kujificha pamejaa tele, na ndiyo maana nimewaleta huku. Jioni imeingia, madrasa imetoka, na watoto wanataka kucheza kombolela.

Mchezo mnaujua. Kopo linawekwa katikati ya duara. Mmoja analipiga teke liende mbali. Mtafutaji analifuata na kulirudisha, na huku nyuma wenzake wanatawanyika: huyu nyuma ya mashua, yule bandani kwa mbuzi, mwingine kajikunja chini ya makuti yaliyorundikwa. Mtafutaji akimwona mtu anamtaja kwa jina, anakimbia kugusa kopo, na aliyetajwa anasimama pale, ametekwa. Lakini akichomoka mmoja ambaye hajaonekana, akalitandika kopo teke, "Kombolelaaa!", mateka wote wako huru na kazi inaanza upya. Kila mtaa una nyongeza zake, ila mchezo wenyewe ni huo.

Sasa hesabuni njia za dhuluma. Mtafutaji anaweza kuangalizia kwa pembeni wakati analifuata kopo. Anaweza pia kugoma kuondoka duarani, akalilinda kopo kama kuku aliyeatamia, na hapo hakombolewi mtu mpaka adhana ya magharibi. Anayejificha naye ana yake. Anavuka mnazi mliokubaliana kuwa ndio mpaka, au anaingia mikokoni maji yakiwa yanajaa, na huko kumekatazwa kwa sababu ya roho yake, mchezo baadaye. Halafu yupo yule ambaye hakosi katika kijiji chochote: anakwenda kujificha kwao. Anakula wali na samaki, ananawa, anapanda kitandani, na wenzake wako nje wanamtafuta kwa tochi.

Na kubadilishana mashati? Wawili wamejificha pamoja, wanavalishana mashati, kisha mmoja anatoa bega tu ubavuni mwa mashua. Mtafutaji anaona shati jekundu, anataja jina la mwenye shati jekundu, kumbe siye. Kwa wachezaji wengi, ukitaja vibaya umeungua, mateka wanaachiwa. Wapo wanaosema huu ni wizi. Mimi nasema ni ujanja halali kabisa, na sababu yangu nitaitoa huko mbele.

Angalieni kwanza nani anasimamia sheria zote hizi. Refa hakuna. Wanajisimamia wenyewe kwa kuwa wanaonana macho kwa macho, na kesho watakutana tena pale pale penye mashua. Mwenye kuangalizia leo, kesho anaambiwa "wewe hatukuchezeshi". Mtoto aliyewahi kuambiwa hivyo anajua kwamba heri kiboko.

Washeni simu.

Kujificha na kutafutana kumehamia mtandaoni siku nyingi. Prop Hunt ilipata jina ndani ya gemu la kompyuta liitwalo Garry's Mod. Humo anayejificha hakai nyuma ya kitu, anageuka kuwa kitu chenyewe: ndoo, kiti, pipa, anatulia kati ya mapipa mengine kama hana habari. Among Us, gemu la kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Innersloth, lilitoka mwaka 2018, likaenea dunia nzima 2020 watu walipofungiwa ndani na korona, na Desemba 2022 likaongezewa namna maalumu ya kujificha na kutafutana. Roblox nako watoto wanatafutana usiku na mchana.

Waliotunga michezo hiyo walikutana na kesi zile zile za Moa. Kuangalizia, kwa mfano. Katika Prop Hunt, wanaojificha wanapotafuta mahali, skrini za watafutaji zinatiwa giza, kwa hiyo hakuna cha kuchungulia katikati ya vidole. Na yule aliyekwenda kulala kwao? Katika Among Us saa inahesabu kurudi nyuma, na anayejificha akitoka kufanya kazi alizopewa, muda unapungua zaidi. Kwa hiyo kuna faida ya kutoka pangoni. Mwishoni kabisa mtafutaji anaongezewa kasi, na ramani inaanza kumwonyesha wenzake walipo. Aliyejikunja kona moja tangu mwanzo, sasa lazima akimbie.

Tuje kwenye mashati. Katika Prop Hunt, mtafutaji akifyatulia ndoo ambayo ni ndoo kweli, uhai wake unapungua. Pasingekuwa na sheria hiyo angefyatulia kila kilichomo chumbani, na kujificha kusingekuwa na maana. Sheria ya kutaja jina vibaya inafanya kazi hiyo hiyo kule Moa: inamlazimisha mtafutaji aone kwanza ndipo aseme. Kubadilishana mashati kunampa mtihani huo, na akiutazama uso badala ya shati anaushinda. Hajanyang'anywa kitu. Zaidi ya hapo, zamu ikigeuka naye atabadilishana shati. Mimi sheria ya mchezo huu naipima hivyo: ungeikubali ukiwa unajificha, na ungeikubali vilevile ukiwa unatafuta? Kuatamia kopo kunashindwa papo hapo, maana hakuna anayejificha atakayekubali.

Sasa kuna dhuluma moja ambayo Moa haiwezekani. Pale ufukweni macho hayapenyi ubao wa mashua. Kwenye simu yanapenya.

Sikilizeni inavyokuwa. Mnapocheza watu kumi mtandaoni, katikati yenu kuna kompyuta inayoitwa seva, pengine iko Ulaya, pengine Afrika Kusini. Kila simu inaiambia seva "mimi niko hapa", na seva inazitangazia simu zote nani yuko wapi ili ziweze kumchora. Maana yake, simu yako imeshaambiwa kwamba yule mwenzako yuko nyuma ya ukuta. Haikuonyeshi tu. Habari imo ndani, imefunikwa. Mwizi wa gemu anapakua programu haramu inayofunua habari hiyo, na ghafla anaona watu kupitia kuta, kila mmoja kazungushiwa mstari mwekundu. Kwenye gemu la kujificha, mchezo umekufa hapo.

Unaweza kumwinda mwizi huyo, ukamkamata, ukafungia akaunti yake. Kesho anafungua nyingine. Kampuni ya Riot Games ilipotoa Valorant mwaka 2020, gemu la kupigana kwa bunduki, ilichukua njia nyingine: seva inanyamaza. Haimtumii mchezaji habari za adui mpaka adui huyo awe karibu kuonekana. Mwizi akifunua kompyuta yake anakuta patupu. Kwangu mimi hii ndiyo kazi safi kuliko zote, kwa sababu haimtegemei mtu kuwa mwema. Lakini si ya bure. Seva za Valorant zinapiga hesabu zake mara 128 kila sekunde, na kuongeza juu yake kazi ya kuangalia nani anaweza kumwona nani kunataka mashine zenye nguvu. Gemu dogo la bure haliwezi hivyo kirahisi.

Na hata seva ikinyamaza, watu hawanyamazi. Mateka anampigia mtafutaji WhatsApp: "yuko chumba cha pili, ni lile pipa la buluu." Kule Moa mateka akiropoka hivyo wote wanasikia na anazomewa. Hapa hakuna anayesikia, na seva haina habari kabisa. Dhuluma hii hakuna mtambo wa kuitibu. Dawa ni kucheza na watu unaowajua.

Hapa sasa ndipo panaponigusa zaidi, kwa sababu mtoto wa Mkinga anaweza kuitwa mwizi na hajaiba kitu. Mnacheza, wewe unakimbilia nyuma ya ukuta. Kwenye skrini yako umeshafika, umeshatulia. Ghafla unaambiwa umekamatwa. Unapiga kelele kwamba mtafutaji anaona kupitia kuta! Naye upande wake anaapa kwamba amekuona peupe. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Intaneti yetu inapita kwenye nyaya zilizolala chini ya bahari: SEACOM iliyofika mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Ndani ya nyaya hizo habari inasafiri kama mwanga, kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni kasi ya ajabu, lakini seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi kumeshakula sehemu ya kumi ya sekunde, na hujahesabu foleni za minara ya simu. Mtu anayekimbia mita sita kwa sekunde, katika sehemu hiyo ya kumi amesogea sentimita 60. Sentimita 60 ni kichwa na mabega. Kwa hiyo kwenye simu ya mtafutaji mabega yako bado yako nje, na kwenye simu yako yameshaingia. Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika kwa pamoja, Tanzania na majirani zake walikaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Siku kama hizo, pengo kati ya simu yake na yako linakuwa pana zaidi.

Seva inaamuaje? Magemu mengi ya kufyatua yanarudisha saa nyuma: yanaangalia mtafutaji alikuwa anaona nini wakati anabonyeza, na kama mabega yalikuwa nje kwake, umekamatwa. Yanamwamini mwenye kutafuta. Ni uamuzi unaofaa, maana haiwezekani mtu alenge kile asichokiona, lakini lazima uwekewe ukomo, la sivyo mwenye mtandao mbovu anakamata watu waliojificha zamani. Wapo hata wanaokata mtandao wao makusudi kwa nukta chache ili waufaidi ubovu huo. Hao ndio wezi. Wewe na bando lako la jioni hamna kosa.

Simu yenyewe nayo inaleta mambo. Katika gemu la bunduki la PUBG, mtu aliyelala nyasini anajiona amefunikwa, lakini nyasi za mbali gemu haliziwekei picha. Anayemtazama kwa mbali anamwona kalala peupe kama samaki uwanjani. Hakuna aliyeiba. Ni simu imepunguziwa kazi. Kosa hili ni la watengenezaji, walirekebishe wao.

Mkiyajua hayo, mtaelewa kwa nini kuhukumu kesi za mtandaoni ni kazi nzito. Magemu mengi yana kitufe cha kuripoti, na kila aliyekamatwa mara tatu mfululizo anakibonyeza. Pengine huyo mtafutaji ni hodari tu. Anaijua ramani ile kama mtoto wa Moa anavyozijua mashua za babu yake.

Kampuni ya Valve, kwenye gemu lake la bunduki la Counter-Strike, mwaka 2013 ilianzisha utaratibu ambao mzee yeyote wa baraza angeuelewa. Wachezaji wazoefu walikuwa wanapewa kipande cha rekodi ya mchezo wa mtuhumiwa, jina lake limefichwa, wakakiangalia, kisha wakajibu kwa kila shitaka: ushahidi hautoshi, au kosa liko wazi bila shaka yoyote. Katikati hapakuwa na jibu. Na aliyekuwa anahukumu vizuri mara kwa mara, kauli yake ilipewa uzito zaidi. Napenda hasa lile la kuficha jina. Hujui kama ni rafiki yako, hujui kama ni yule aliyekufunga jana, unatazama alichofanya tu. Mtu anayeona kupitia ukuta anajiumbua mwenyewe kwenye rekodi: macho yake yanamfuata aliyejificha ukutani, hatua kwa hatua, kabla hajatokeza. Aliye hodari anakosea mara mojamoja, anakagua kona tupu, anapoteza muda kwenye ndoo ya kweli. Kukosea kwake ndiko kunakomsafisha.

Kwa hiyo wanangu, nina ombi. Siku ukidhani umedhulumiwa, usikimbilie kile kitufe. Kwanza angalia kama mtandao wako ulikuwa unakwama. Kama gemu linakuruhusu kurudia rekodi, rudia, na umtazame mwenzako kwa macho yake. Ukiona kweli kuna wizi, ripoti, na uandike ulichokiona na kilitokea dakika ya ngapi, maana "huyu mwizi" peke yake haimsaidii mwenye kuhukumu. Na ukikuta umekamatwa kihalali, rudi ucheze. Zamu ya kutafuta ni yako.