Hesabu ya Bodaboda wa Simu

Huenda kijana wako yuko Dar es Salaam, anaendesha bodaboda. Anakuambia, "Baba, napata abiria kwa simu." Je, hiyo ni kazi ya namna gani?

Kampuni ina programu ndani ya simu. Abiria akitaka usafiri, hubonyeza simu yake. Programu humtafuta dereva aliye karibu na kuonyesha nauli. Dereva akikubali, humfuata abiria. Lakini dereva huyo hana mshahara wa mwezi. Pikipiki atafute mwenyewe, petroli anunue mwenyewe. Akiugua, siku hiyo hapati kitu.

Tena kampuni hukata sehemu ya kila nauli. Sehemu hiyo huitwa kamisheni. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliagiza kamisheni isizidi shilingi 15 katika kila shilingi 100. Mwezi wa Aprili mwaka huo, Uber ilisimamisha huduma zake Tanzania. Baadaye LATRA ilipandisha kiwango hadi shilingi 25, na Uber ikarudi mwaka 2023. Shilingi hizo kumi si kitu kidogo!

Chukua kalamu, tupige hesabu. Tuseme nauli za siku nzima ni shilingi 30,000. Toa kamisheni ya 25 kwa 100, yaani shilingi 7,500. Zimebaki 22,500. Toa petroli ya 8,000. Zimebaki 14,500. Mwenye pikipiki naye anadai 10,000 kila siku. Zimebaki 4,500. Kijana bado hajala, hajanunua bando la simu, wala hajaweka akiba ya oili na tairi.

Vijana wengi hukosea hapa. Abiria akilipa fedha taslimu, dereva huzishika zote mkononi. Huziona ni zake. Kumbe kamisheni imekuwa deni ndani ya simu. Asipolilipa, programu humfungia, na kazi inasimama.

Kwa hiyo awe na daftari. Kila jioni aandike nauli, kamisheni, petroli, na fedha za mwenye pikipiki.

Kama pikipiki ni ya mkataba, yaani ailipie kidogo kidogo mpaka iwe yake, karatasi hiyo isomwe kabla ya kutiwa sahihi. Mwanafunzi wangu mmoja alileta ya kwake darasani. Tuliisoma pamoja, mstari kwa mstari. Iliandikwa kwamba akikosa kulipa siku saba, pikipiki inachukuliwa, na fedha alizokwisha kulipa hazirudishwi. Alikuwa amekwisha kutia sahihi, na amelipa miezi mitano.