Moto Chumbani Usiku wa Baridi

Atokaye Masasi kwenda Newala huyaacha majabali chini, akaupanda uwanda wa juu wa Makonde. Akifika mwezi wa Juni au Julai hukuta hali nyingine: Newala imekaa ukingoni, juu ya bonde la Ruvuma, na baridi ya usiku huingia kwa kila ufa. Ndipo wako wazibao madirisha kwa matambara, wakaingiza jiko la makaa chumbani, wakalala na watoto wao.

Yaonekana huruma, kumbe ni hatari kubwa. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu iipitayo oksijeni zaidi ya mara 200, mwili ukakosa uhai wake ingawa mtu avuta pumzi. Aliye macho huumwa kichwa na kuona kizunguzungu. Aliyelala hana la kumwamsha. Wala mtu asidhani kwamba moshi ukiisha salama imekuja: makaa mekundu, matulivu, ndiyo yadanganyayo.

Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Abu Musa (r.a.) kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Bwana Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliuita moto adui, akaamrisha uzimwe wakati wa kulala. Kibatari nacho kimo katika amri hiyo, hasa penye chandarua.

Basi baridi tuikabili vipi? Jiko libaki uani, lipashe maji ya kutawadhia. Miguu ikioshwa kwa maji ya moto, mishipa ya damu hutanuka, joto la ndani likatoka nje. Na mwili upoapo ndani ndipo usingizi huja upesi. Wengi hustaajabu kusikia hayo. Maji ni haba uwandani, ni kweli, lakini Mtume alitawadha kwa mudi moja tu, yapata lita moja au pungufu. Kisha miguu ikaushwe vema, matandiko yakung'utwe kama ilivyo sunna, watoto walazwe pamoja chini ya blanketi, na dirisha liachwe wazi kidogo.

Na akikutwa mtu amezimia penye jiko, afunguliwe mlango na kutolewa nje upesi penye hewa safi, kisha apelekwe hospitali usiku uo huo, hata akizinduka.