DUNIA MOJA, WAANDIKAJI WENGI
Namna ya kuchagua hadisi za nchi unayoipenda



Katika kikundi chetu cha kusoma kulitokea ubishi, na ubishi ule njo umetufanya tuandike kurasa hizi. Mmoja wetu alikuwa anatafuta hadisi ya nchi ya baridi. Rafiki yake alimwambia habari za Icewind Dale, ni kusema Bonde la Upepo wa Barafu, kule mwisho wa kaskazini ya dunia ya hadisi ambayo kwa Kifaransa inaitwa Les Royaumes Oubliés, yaani Falme Zilizosahauliwa. Akapata kitabu chenye jina la mwandikaji yule yule na shujaa yule yule, tena kilikuwa kitabu cha kwanza. Akafurahi, akakiazima. Alisoma kurasa mia: hakuna theluji. Akasoma mia ingine: hakuna upepo. Hata jua hakuna! Watu wote wanaishi chini ya udongo, ndani ya mapango. Akarudi kwetu na kusema: «Hiki kitabu kimenidanganya.»

Sisi tukamuuliza: kitabu njo kimekudanganya, ao wewe hukujua kuchagua?

Jambo hili si dogo. Kwetu kitabu ni kitu cha taabu kupata. Mtu anangoja zamu yake majuma mawili, matatu, ao anaweka feza kidogo kidogo. Akichagua vibaya hapotezi juma moja tu. Mara mingi anapoteza hamu, na hasomi tena. Basi tumekusanya yale tuliyojifunza kwa makosa yetu wenyewe, ili nyinyi musipite njia ile ile.

DUNIA YA PAMOJA NI NINI?

Mara mingi mwandikaji anaumba dunia ya hadisi yake peke yake, na hakuna mwingine anayeingia mule. Lakini dunia ya pamoja ni kama shamba kubwa la kijiji. Mmoja alifyeka pori, kiisha wengi wanalima, kila mtu na tuta zake. Anayelima upande wa mto hana ruhusa ya kung'oa mihogo ya mwenzake aliye upande wa kilima. Tena akichoma majani siku ya upepo, moshi unawafikia wote.

Aliyefyeka shamba la Falme Zilizosahauliwa ni Ed Greenwood, mtu wa Kanada. Alianza kuiwaza dunia ile angali mtoto, katika miaka ya 1960. Mwaka 1987 kampuni ya Marekani iitwayo TSR, iliyokuwa ikitoa mchezo wa Dungeons & Dragons tangu 1974, ikaitoa dunia ile kwa watu wote, pamoja na karte, majina ya miji, wafalme na historia yao. Kampuni ikaita na waandikaji wengine, kila mmoja apate pahali pake. Mwaka 1997 TSR ilinunuliwa na kampuni ingine, Wizards of the Coast. Mpaka leo hadisi ndefu za dunia ile zimepita 200. Ziliandikwa kwa Kiingereza. Mingi zimegeuzwa kwa Kifaransa, na kwa njia ile zinatufikia sisi.

Hadisi 200! Mtu ataanzia wapi? Sisi tunashauri maulizo mane.

ULIZO LA KWANZA: UNAPENDA NCHI GANI, NA UNAPENDA NINI NDANI YAKE?

Usiseme tu «napenda nchi hii». Sema unachokipenda. Mwenzetu yule alipenda theluji. Sisi wa Kivu tuko karibu na Ikweta, lakini theluji si jambo la mbali kabisa kwetu. Iko juu ya Ruwenzori, na wenzetu wa upande wa Beni wanaiona siku mawingu yakifunguka. Icewind Dale ni nchi ambamo theluji haikai juu ya mlima tu, bali inashuka mpaka mlangoni. Kuna maziwa matatu na miji kumi midogo inayoyazunguka. Watu wanaishi kwa kuvua samaki wa aina moja, ambaye mfupa wa kichwa chake unachongwa kama pembe ya ndovu, kiisha unauzwa kusini. Miji ile inagombania maji ya kuvua, jirani na jirani, hata adui anapokuja karibu. Mtu aliyekulia kando ya ziwa atafahamu mara moja.

Mwingine anapenda bahari na visiwa: huyo atafute visiwa vya Moonshae. Mwingine anapenda habari za jumba la mfalme, za warizi na za njama: atafute ufalme wa Cormyr. Mwingine anapenda mji mkubwa, wenye wafanyabiashara na wezi na wakuu wanaoficha nyuso zao: atafute Waterdeep. Ukijua unachokipenda, hutachagua kitabu kwa sababu ya picha ya jalada tu. Picha ya jalada ni kama nguo ya Siku ya Mungu. Haikuambii mtu anakula nini siku ya kazi.

ULIZO LA PILI: NANI ANALIMA PALE?

Nchi moja ya dunia ile mara mingi iko na mwandikaji wake. Kuna kisa kimoja ambacho R. A. Salvatore mwenyewe amekisimulia mara kadhaa. Salvatore, Mmarekani, alitaka kuandika hadisi katika Falme. Wakati ule kitabu kimoja tu kilikuwa tayari: Darkwalker on Moonshae cha Douglas Niles, cha mwaka 1987. Salvatore alipokisoma alidhani visiwa vya Moonshae njo dunia yote! Basi akaandika mfano wa hadisi yake akaiweka kule kule, tena akamtia ndani mtu mmoja wa Niles. Wahariri wakamwambia: pale ni pa mwenzako, na mtu yule ni wake; dunia ni kubwa, nenda pahali pengine. Wakampa pembe ya mbali kaskazini, Icewind Dale.

Hadisi ikahama, na shujaa wake Wulfgar, kijana wa makabila ya barafu, akabaki bila mwenzake. Siku moja mhariri akamwuliza kwa simu: atakuwa nani basi? Salvatore, bila kufikiri sana, akajibu: mtu wa jamii ya elfe weusi, wale wanaoishi chini ya udongo na kuogopwa na wote. Njo hivyo alizaliwa Drizzt Do'Urden, ambaye leo anajulikana kuliko watu wote wa Falme. Kumbe alizaliwa juu ya mpaka wa shamba!

Maana yake kwa msomaji ni hii: ukipenda Moonshae, tafuta jina la Niles. Ukipenda Icewind Dale, tafuta Salvatore. Ukipenda Waterdeep, Elaine Cunningham alilima sana pale, kwa mfano Elfshadow ya 1991. Ukipenda Cormyr, mwenye shamba mwenyewe, Greenwood, aliandika pamoja na Jeff Grubb kitabu kiitwacho Cormyr, mwaka 1996. Lakini tahazari: mwandikaji wa pili akiingia katika nchi ile ile, jina la mji litakuwa lile lile, ila harufu ya chakula itakuwa ingine.

ULIZO LA TATU: KITABU NI CHA NGAPI, NA KILIANDIKWA LINI?

Hapa njo mwenzetu alianguka. Salvatore aliandika kwanza vitabu vitatu vya kaskazini: The Crystal Shard mwaka 1988, Streams of Silver mwaka 1989, The Halfling's Gem mwaka 1990. Wasomaji wakampenda Drizzt, wakauliza alitoka wapi. Ndipo Salvatore akarudi nyuma, akaandika utoto wake: Homeland na Exile mwaka 1990, kiisha Sojourn mwaka 1991. Kwa matukio, Homeland iko ya kwanza. Kwa kuandikwa, iko ya ine. Na karibu mambo yake yote yanatokea Menzoberranzan, mji wa chini ya udongo. Icewind Dale inafika kuelekea mwisho wa Sojourn. Mwenzetu alishika Homeland. Kitabu hakikusema uongo. Kilijibu ulizo ambalo yeye hakuliuliza.

Sisi tunasema: aliyependa nchi aanze na The Crystal Shard. Mule atakuta miji kumi inayobishana juu ya samaki wakati jeshi linakaribia, atakuta Wulfgar akikamatwa vitani na kupewa, badala ya kifo, miaka mitano na siku moja ya kazi kwa fundi wa chuma aliyemshinda. Aliyependa mtu kuliko nchi, anayetaka kujua namna kijana anakataa uovu wa jamaa yake mwenyewe, yeye aanze na Homeland, na hatajuta.

Shauri la mkono: majina ya Kifaransa yasikuchanganye. Fungua kurasa za kwanza kabisa, pale penye maandishi madogo ambayo watu wanaruka. Mara mingi utakuta jina la Kiingereza na mwaka. Andika yote mawili katika kaye yako. Dakika moja tu, na inaokoa majuma mawili.

ULIZO LA INE: NI MWAKA GANI NDANI YA HADISI?

Dunia ile iko na kalenda yake, na nchi zake zinabadilika. Tutoe mfano wa Neverwinter. Ni mji wa kaskazini ambao mto wake hauwi barafu hata wakati wa baridi, kwa sababu ya joto la mlima wa moto ulio karibu. Kwa muda mrefu ulijulikana kama mji wa mafundi wenye mikono myepesi na bustani nzuri. Lakini katika Gauntlgrym ya Salvatore, ya mwaka 2010, mlima unapasuka na mji unaharibika. Mwenye kupenda Neverwinter ya bustani akikamata kitabu cha nyuma ya hapo, atakuta majivu.

Sisi hatukuweza kusoma kurasa zile kama wanavyosoma watu wa mbali. Nyiragongo ilishuka mpaka ndani ya Goma mwaka 2002, na mwaka 2021 ikatoka tena. Wako kati yetu waliozaliwa katika nyumba iliyojengwa juu ya mawe meusi yale. Wengine walisema: «Hapana, sitaki kusoma hii.» Wengine walisema: «Hii njo nataka, nione kama mtu wa Marekani anaweza kuandika ginsi inavyokuwa.» Wote wawili walikuwa na haki. Lakini ili uchague, lazima ujue mbele.

Tena mwaka 2008 wenye dunia ile waliisukuma mbele karibu miaka 100 kwa mara moja. Wafalme wengi wakawa wamekufa, miji mingine imepotea. Basi kama umependa nchi fulani, uliza: ni kabla ya mruko ule, ao nyuma yake?

NA NCHI INAYOFANANA NA YETU?

Wadogo zetu wengi wakiona karte, wanaweka kidole kusini, juu ya Chult, kwa sababu kuna msitu mkubwa na watu weusi. Wanasema: «Hii ni kwetu!» Tunaelewa furaha ile. Kitabu cha kutafuta ni The Ring of Winter cha James Lowder, cha mwaka 1992. Ndani yake kuna mji uliofichwa, Mezro, wenye walinzi saba waliochaguliwa na mungu wao. Lakini mjue kwamba Chult haikuchorwa na mtu wa msitu. Ilichorwa na wasomaji wa hadisi za zamani za Wazungu juu ya Afrika, wakaongeza wanyama wakubwa wa kale. Mkuu mmoja anaitwa Ras Nsi. Ras ni cheo cha Habeshi. Nsi, katika Kikongo, ni nchi. Kutoka Habeshi mpaka Kongo-Central ni mbali sana, lakini katika hadisi ni jina la mtu mmoja! Mwaka 2017, mchezo ulipoirudilia Chult, baadhi ya wasomaji walilalamika kwamba Afrika yote imetiwa katika chungu kimoja.

Je, tusisome? Sisi tunasema tusome, lakini tukijua nani anashika kalamu. Mtu anayechora nyumba yako bila kuingia ndani atachora paa na moshi. Hatachora mama yako akipepeta mchele. Ukisoma na kuona kilichokosekana, umepata mali ambayo mwandikaji hakuwa nayo.

KWA KUMALIZA

Nchi gani, nani analima, kitabu cha ngapi, mwaka gani: maulizo mane, na yanaenea katika kipande kidogo cha karatasi. Mwenzetu wa theluji amekwisha kuandika chake. Sasa yuko katika The Crystal Shard, na asubuhi anatuambia habari za baridi kama vile ametoka kule usiku. Homeland ameiacha kwa rafu, si kwa hasira. Amesema atairudilia, sasa kwa kuwa anajua ni kitabu cha nini.

Na jambo la mwisho. Greenwood alianza dunia yake akiwa mtoto, mdogo kuliko wengi kati yetu. Alianza na karte na majina. Kaye mnazo. Kalamu mnazo. Anayejua msitu wa kweli, ziwa la kweli na mlima wa moto wa kweli, asingoje mtu wa mbali amfyekee shamba. Mkiandika, mutuletee, tutasoma.