Trela Ikunjwayo ya Majengo, Nyeri: Mzigo wa Mtu ni Amana

Mwenyeji wa pwani apandapo bara hadi Nyeri, jambo la kwanza limpatalo ni baridi. Mji huo umekaa kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, Mlima Kenya ukiwa upande wa mashariki na safu ya Nyandarua upande wa magharibi, na asubuhi ya mwezi wa Julai humlazimu mgeni kutafuta koti kabla ya kutafuta chai. Jambo la pili ni kukuta kwamba si mgeni kama alivyodhani. Ndani ya mji huo, kama ilivyo Nanyuki na miji mingine ya mlimani, upo mtaa uitwao Majengo, na humo Kiswahili husemwa sebuleni na barazani, si sokoni pekee. Nyeri ilipoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1902, wapagazi, askari na wachuuzi waliotoka pande zetu walifuatana na misafara, na baadhi yao hawakurudi. Wajukuu wao wapo hadi leo.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alioa katika mtaa huo na akabaki huko akifanya ufundi wa pikipiki. Nilimtembelea mwaka jana kwa wiki tatu. Nilikwenda kuwaona watoto. Nikarudi na somo kuhusu chombo ambacho sikuwa nimekifikiria hata siku moja, nacho ni trela ndogo ikunjwayo, ya kubebea pikipiki zilizoharibika.

Haja ya chombo hicho haihitaji maelezo marefu kwa aijuaye nchi ile. Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zisizofika sisi 250, mwishoni mwa muongo wa 2000, bodaboda zimekuwa miguu ya vijiji. Nyeri ni nchi ya matuta na mabonde: ukitoka mjini kwenda Othaya au Mukurweini, barabara hupanda na kushuka, na vijia viingiavyo mashambani mwa chai na kahawa huwa tope tupu katika masika. Injini ikijifunga huko, mwenye pikipiki hawezi kuisukuma hadi mjini. Huita pikapu, na pikapu hutoza nauli kubwa. Isitoshe, sakafu yake iko juu, hata watu watatu hulazimika kuinyanyua pikipiki yenye uzito wa kilo 110 hadi 130, kisha mara nyingi huilaza ubavu, mafuta yakamwagika na vioo vikavunjika.

Mpwa wangu alikuwa na gari aina ya Toyota Probox, kuukuu lakini zima. Alijua kwamba trela ya chini, iliyo kimo cha goti, ingemwezesha kupakia pikipiki peke yake kwa ubao wa kupandishia. Kikwazo kilikuwa nafasi. Nyumba za Majengo zimebanana, na ua wa kwao ndiyo jiko, ndipo pa kuanikia nguo, na ndiyo uwanja wa watoto watatu. Trela ya futi 4 kwa futi 8 ingeumeza ua wote. Kwa hiyo akatafuta ile ikunjwayo: fremu yake imegawanyika katikati, nusu moja huinuliwa ikalala juu ya nusu ya pili, kisha yote husimamishwa wima juu ya vigurudumu vidogo na kusukumwa ukutani kama kabati.

Trela za namna hiyo huuzwa zikiwa vipande ndani ya maboksi, na wanunuzi huziunga wenyewe nyumbani. Ni jambo la kawaida huko Marekani. Aliyoipata yeye ilikuwa ya mkono wa pili, imepitia bandari ya Mombasa, na boksi moja lilikuwa limepasuka. Ndani mlikuwa na vyuma vya pembe, ekseli moja, springi mbili za majani, magurudumu mawili ya inchi 12, shingo ya kuunganishia na gari, taa, na mfuko wa bolti na nati. Sakafu haikuwamo. Hilo halikumtaabisha, kwa kuwa plaiwudi iuzwayo madukani kwetu huja kwa kipimo hichohicho cha futi 4 kwa 8. Alinunua kipande kimoja, akakikata katikati pale fremu inapokunjika, akakipaka rangi pande zote na kingo zote ili maji yasiingie.

Kazi ya kuunga ilimchukua siku mbili. Aliniambia bila kuficha kwamba siku ya pili alikuwa na haraka. Nati kadhaa za kiungo cha kukunjia hazikuwamo mfukoni. Nati zilizotakiwa hapo ni zile za kujishika, zenye pete ya plastiki ndani, ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Yeye alizo nazo zilikuwa za kawaida. Akazitumia, akazikaza kwa nguvu zake zote, akaridhika.

Safari ya kwanza, kwenda Mweiga na kurudi, ilikwisha salama. Ya pili ilikuwa ya kijana mmoja wa upande wa Othaya, ambaye pikipiki yake ilikuwa imekufa injini. Kijana alikuwa ameichukua kwa mkopo, akilipa kila siku kutokana na abiria, na nyumbani walikuwako mama yake na wadogo zake wawili waliomtegemea. Walifunga pikipiki kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, wakaanza safari ya mjini. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa na mashimo.

Katika mteremko wa kuelekea daraja moja, wakasikia mgongano nyuma. Mpwa wangu akasimamisha gari. Nati mbili za kiungo zilikuwa zimeanguka njiani, na fremu ilikuwa imefunguka katikati kwa upana wa kidole. Kwa kuwa mikanda ya mbele ilishikwa na nusu ya mbele ya trela, na ya nyuma ikashikwa na nusu ya nyuma, kila fremu ilipocheza mikanda nayo ililegea na kukaza, hata ndoano moja ikachomoka. Pikipiki ilikuwa imelala. Kioo kimevunjika, mkono wa klachi umekatika, na tangi limebonyea.

Kijana hakupiga kelele. Alisimama mvuani akaitazama, kisha akasema, "Fundi, hii pikipiki bado si yangu."

Maneno hayo, alisema mpwa wangu, yalimuuma kuliko matusi. Aliitengeneza injini bila malipo, akanunua kioo na mkono wa klachi, akampeleka tangi kwa mnyooshaji. Mapato ya wiki mbili yakaishia hapo. Lakini aliona kwamba kulipa hasara hakutoshi. Mwenye mali anapokukabidhi mzigo, hakukukabidhi chuma. Amekukabidhi riziki ya nyumba nzima, tena pengine na deni juu yake. Kabla ya mtu kutawakali, sharti awe amefunga.

Ndipo akairudia trela upya, na hapo ndipo nilipomkuta nilipofika.

Kwanza, alifungua kila bolti na kuweka nati za kujishika mahali pote. Baada ya kilomita kama 80 za mwanzo alizipitia zote tena kwa spana, kwa sababu chombo kipya kilichoungwa kwa bolti hujikalia barabarani, na nati iliyokuwa ngumu juzi huweza kuzunguka kwa vidole leo.

Pili, alikitibu kiungo. Alimwendea mchomeleaji, akamtengenezea reli mbili za chuma chenye umbo la mfereji, kila moja ikiwa na urefu wa futi 8 kamili. Gurudumu za pikipiki hukaa ndani ya mfereji huo. Reli hupita juu ya kiungo cha kukunjia na kufungwa kwa pini nene katika nusu zote mbili, kila pini ikiwa na kipande cha waya cha kuizuia isichomoke. Hivyo reli zinafanya kazi mbili: zinaongoza pikipiki, na zinazifanya nusu mbili kuwa kitu kimoja. Trela ikitaka kukunjwa, pini huchomolewa na reli huondolewa kwanza; haikunjiki zikiwamo, wala haibebi mzigo zisipokuwamo.

Tatu, mbele ya kila reli aliweka kizuizi cha kuukumbatia mguu wa mbele wa pikipiki, ili isimame wima hata kabla ya kufungwa. Mikanda ya mbele sasa haifungwi tena kwenye ncha za usukani, bali chini yake, karibu na shokapu, ikavutwa mbele na pembeni mpaka shokapu zishuke kiasi cha nusu. Zikishuka hivyo, zinausukuma mkanda muda wote, na shimo la barabara haliulegezi. Pikipiki huachwa katika gia, na mfereji wa mafuta hufungwa.

Nne, alijifunza kupima uzito wa shingo. Wachukuzi wenye uzoefu husema kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo yapasa kukalia shingo ya gari. Ukiwa mdogo kuliko huo, trela huyumba kama mkia wa samaki. Ukizidi mno, gari huinama nyuma na magurudumu ya mbele hukosa mshiko. Trela na pikipiki zake zikiwa kilo 400, shingo ibebe kilo 40 hadi 60. Hupima kwa mizani ile ya kujipimia watu, ikiwekwa chini ya shingo pahali tambarare, kisha husogeza mzigo mbele au nyuma ya ekseli mpaka hesabu itimie.

Tano, aliongeza minyororo miwili ya usalama, iliyopishana chini ya shingo, na akaziinua taa kutoka chini ya fremu, ambako tope liliziziba, akazipa mabano yake. Trela nchini Kenya ni chombo kinachosajiliwa, chenye namba yake ianzayo kwa herufi Z, na ilikuwa kosa lake jingine kuianza kazi kabla ya kukamilisha jambo hilo. Sasa imekamilika. Haifai kupita na trela isiyo na taa wala namba katika barabara kuu ya Kenol, Sagana hadi Marua, iliyopanuliwa kwa kilomita 84, ambako magari hukimbia kuliko yalivyokimbia zamani.

La sita halikuwa lake, lilikuwa la mkewe. Siku moja tukiwa barazani aliniambia, "Mjomba, yeye anaogopa ianguke barabarani. Mimi naogopa ianguke hapa." Kweli, trela iliyosimamishwa wima hukalia vigurudumu vyembamba, na mtoto anayecheza kibe huweza kujificha nyuma yake. Mama huyo hakukubali iingie tena uani mpaka ndoano mbili za chuma zilipozamishwa ukutani kwa keekee, na mnyororo ukapitishwa kifuani mwa trela kwa kufuli. Ufunguo anao yeye. Na wakati wa kukunja, watoto hubaki ndani. Vidole vya mtu mzima vyenyewe havina budi kuwa mbali na kiungo, kwa kuwa nusu ikishuka haimwulizi mtu.

Yeye pia ndiye aliyeandika orodha katika karatasi ya daftari la shule, akaibandika ndani ya mlango: nati, pini, reli, minyororo, taa, upepo wa magurudumu, mikanda. Trela haitoki mpaka mmoja asome na mwingine aguse kwa mkono kila kilichotajwa. Mtoto mkubwa, wa miaka kumi, ndiye msomaji siku za mapumziko, na husoma kwa sauti kama mwadhini. Baada ya kilomita 20 za kwanza, mpwa wangu husimama, akashika kitovu cha kila gurudumu kwa kiganja. Kikiwa cha moto kisichoshikika, beringi imekosa grisi au imekazwa mno, na safari huishia hapo.

Nilifuatana naye mara moja kwenda Naro Moru, juu ya njia iendayo Nanyuki, kuleta pikipiki mbili. Ulikuwa mwendo wa polepole, na katika miteremko alishuka kwa gia ndogo bila kuachia breki peke yake, kwani trela haina breki zake. Magari yalitupita, na wengine walipiga honi. Hakuongeza mwendo. Tulifika Majengo kabla ya magharibi, na mikanda ilikuwa imekaza vilevile tulivyoifunga.

Kwa wasomaji wetu wa Kilifi, Kwale na Lamu wenye karakana na nyua ndogo, nadhani chombo hiki chafaa, nao mafundi wetu wa vyuma wanaweza kukitengeneza chote bila kungoja boksi kutoka ng'ambo. Nawasihi jambo moja: asianze mtu na rangi wala na jina ubavuni, aanze na kiungo cha kukunjia. Palipo rahisi kukunjika ndipo patakapofunguka, nacho chumvi ya bahari yetu hukila chuma upesi kuliko mvua ya mlimani, basi pini na nati zikaguliwe mara mbili ya vile wafanyavyo wao.

Siku mbili kabla sijarudi, kijana wa Othaya alipita karakanani. Hakuwa na hitilafu yoyote. Alikuja kuonyesha karatasi: deni limekwisha, na pikipiki imeandikwa jina lake. Tangi bado lina kibonyo kidogo upande wa kushoto. Mpwa wangu alitaka kulinyoosha tena, bila malipo, lakini kijana alikataa. Alisema hana nafasi ya kuiacha, abiria wanangoja. Akaiwasha, akaondoka.