Mashua Kuukuu ya Injini: Ya Kukagua na Kukarabati Kabla ya Kuitia Ziwani

Kutoka Rukanga hadi Bungule, Makwasinyi hadi Jora, hakuna maji ya kuelea mashua isipokuwa malambo ya mifugo. Hata hivyo swali la mashua linaulizwa Kasigau pia, na sababu yake inaeleweka. Kuna vijana huko wenye ujuzi mzuri wa injini za pikipiki na mashine za kuvuta maji, wengine wana jamaa upande wa Taveta, na kaunti yetu ina Ziwa Jipe na Ziwa Chala. Mashua ya faiba iliyotumika Pwani huuzwa kwa bei ya chini kuliko mpya. Inapakiwa kwenye lori, inapandishwa kwa barabara ya Mombasa, na inaegeshwa uani ikisubiri fundi. Mara nyingi fundi huyo ni mwenyewe aliyeinunua.

Makala haya yanaeleza kazi ambayo mwenye mashua anaweza kuifanya kwa mikono yake, na kazi ambayo ni heri amwachie mwingine. Tunaeleza kwa kirefu kwa sababu Jipe si bwawa la kuogelea. Maji yake hayana kina kirefu, lakini yana viboko na mamba, na ukingo wake una matete marefu. Chala nako ni ziwa la volkeno lenye kingo za mwinuko na kina cha makumi ya mita. Mashua ikikufia katikati ya maziwa haya, kuogelea hadi nchi kavu si mpango wa kutegemea.

Kabla ya kutoa pesa

Anza na karatasi. Injini ya mashua ina nambari yake, kwa kawaida kwenye kibati kilichopigiliwa kwenye mabano ya kufungia. Ikiwa kibati kimeng'olewa au nambari imesagwa, ondoka. Injini huibwa kwa urahisi kwa sababu watu wawili wanaweza kuibeba, na anayenunua mali ya wizi huipoteza pamoja na pesa zake. Dai hati ya mauzo yenye majina, nambari za vitambulisho, nambari ya injini na sahihi za mashahidi.

Kisha nenda nyuma ya mashua, upande wa tezi, kwenye ubao unaobeba injini. Hapa ndipo mashua nyingi za faiba hufia. Kwa nje unaona faiba ngumu inayong'aa, lakini ndani kuna mbao, na maji yaliyopenya kupitia matundu ya bolti huziozesha kwa miaka bila mtu kuona. Gonga ubao huo kwa mpini wa nyundo, sentimita kumi kwa kumi, ukisikiliza. Mbao nzima hutoa sauti kavu na kali, nazo zilizooza hutoa sauti ya bubu kama kugonga boga. Ukiwa na shaka, mwombe mwenye mashua akuruhusu kutoboa tundu dogo kwa ndani. Unga unaotoka ukiwa mkavu na mweupe, vyema. Ukiwa mweusi na una unyevu, mashua hiyo inahitaji ubao mpya, na bei ishuke kulingana na hilo. Muuzaji akikataa kabisa tundu la milimita tano, huenda anajua kilichomo.

Tazama pia chini ya sakafu, kwenye ngama, mahali maji yanapokusanyika. Sponji ya kuelea iliyojazwa humo kiwandani hunyonya maji ikizeeka. Mashua inayoonekana nyepesi lakini inahitaji watu kumi kuinyanyua imebeba maji ndani ya tumbo lake.

Jua la Kasigau, rafiki na adui

Kwa mashua ya faiba, ukame wetu ni faida ambayo mafundi wa Kilindini hawana. Faiba iliyolowa haishiki resini mpya, na Pwani kuikausha huchukua muda mrefu kwa sababu ya unyevu wa hewa. Huku bara, fungua sakafu, toa sponji iliyoloa, toa kizibo cha ngama, inua omo kidogo ili maji yatiririkie nyuma, halafu iache wiki kadhaa. Usiharakishe hatua hii.

Mashua ya mbao ni kinyume kabisa. Mbao zikikauka husinyaa, na mianya kati ya ubao na ubao hufunguka kiasi cha kupitisha mwanga. Mafundi wa Pwani huziba mianya hiyo kwa kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi. Ukinunua ya mbao, ihifadhi kivulini na kuifunika magunia yenye maji. Siku ya kwanza ziwani, iache imejaa maji ukingoni kwa siku mbili au tatu mbao zivimbe, ndipo uyatoe na uangalie panapovuja. Kwa maoni yetu, anayekaa mbali na maji asinunue ya mbao.

Kazi ya faiba

Ufa au tundu halizibwi kwa kupaka juu. Saga faiba kuzunguka jeraha mpaka ufike sehemu nzima, na ufanye mteremko mpana: kwa kila milimita moja ya unene, mteremko wa milimita 12. Ukuta wa milimita 5 unahitaji mteremko wa sentimita 6 kila upande. Wengi huona hii ni kuharibu zaidi, lakini kiraka hushikilia kwa upana wa mteremko. Vumbi la faiba ni vioo vidogo vidogo, kwa hiyo funika pua na mdomo kwa barakoa nzito, vaa miwani na mikono mirefu, na watoto wasicheze karibu.

Resini ya kawaida hukaza kwa kuchanganywa na hadina. Kipimo ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Kwa joto letu la mchana tumia asilimia 1, yaani karibu mililita 10 kwa kilo moja, ukipima kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Ukizidisha, mchanganyiko utachemka na kukaza mkononi kabla hujaupaka. Fanya kazi alfajiri, chini ya kivuli, na uchanganye kidogo kidogo.

Hapa kuna hatari ambayo muuzaji wa duka huenda asikueleze. Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Mtu akirukiwa, amwagiwe maji safi jichoni mfululizo kwa angalau dakika 15, kisha apelekwe hospitalini hata kama maumivu yamepungua. Resini nyingine huuzwa pamoja na chupa ya tatu, ya rangi ya zambarau au buluu, ya kuharakisha. Hiyo huchanganywa kwanza na resini peke yake, ikishachanganyika vizuri ndipo hadina itiwe. Chupa hizo mbili zikikutana moja kwa moja zinaweza kulipuka. Zihifadhi mbali, na matambara yaliyolowa hadina yaloweke kwenye maji kabla ya kuyatupa.

Ubao wa injini ni kazi kubwa zaidi, lakini si ya kuogopwa. Kata faiba ya ndani, ng'oa mbao zote zilizooza bila huruma, weka plaiwudi ya gundi isiyoyeyuka majini, uijenge upya kwa tabaka za faiba. Matundu ya bolti yapakwe resini ndani. Fundi seremala mzuri wa Maungu au Voi anaweza kukusaidia kukata kipimo. Jambo la kumwachia mzoefu ni ufa unaofuata mkuku, mgongo wa mashua, kwa sababu huko hakuna nafasi ya kujifunzia.

Injini

Fundi wa pikipiki ana nusu ya elimu inayohitajika. Plagi, kabureta, cheche na kompresheni anavijua. Kwa injini yenye silinda mbili, pima zote kwa geji: zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, injini inahitaji kufunguliwa. Petroli iliyolala tangini imwagwe, na kabureta isafishwe.

Nusu ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Injini ya mashua hupozwa na maji ya ziwani, yanayovutwa na impela ndogo ya mpira. Ukiiwasha uani bila maji, impela huungua kwa sekunde chache. Kwa hiyo ifunge kwenye pipa la lita 200 lililojaa maji hadi juu ya tundu la kuvuta maji, ndipo uvute kamba. Ikiwaka, itazame ikikojoa: mkondo wa maji utoke imara upande wa nyuma. Usipotoka, zima mara moja. Kwa injini kuukuu, badilisha impela hata kama inaonekana nzima. Kama ilitoka baharini, iache izunguke ndani ya maji baridi dakika 10 hadi 15 ili chumvi itoke kwenye njia zake.

Fungua skrubu ya chini ya sanduku la gia na utazame oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na sili zibadilishwe. Injini ya kuchanganya oili na petroli ifuate kitabu chake. Nyingi hutumia sehemu 50 kwa 1, ambayo ni mililita 20 za oili kwa kila lita, au 400 kwa lita 20. Tumia oili ya injini za mashua, si ya pikipiki.

Muulize muuzaji kama injini iliwahi kuzama, na ilikaa muda gani hewani baada ya kutolewa kabla ya kusafishwa. Chumvi ikikutana na hewa hula chuma na alumini haraka sana. Kuna mfano maarufu wa injini zilizookoka. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vile vile vilivyosababisha Wakasigau kuhamishwa kwa nguvu hadi Malindi mwaka 1915, Wajerumani walikuwa na meli Ziwa Tanganyika iliyoitwa Graf von Götzen. Julai 1916 waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mainjinia wakazipaka injini zake grisi nzito. Meli hiyo iliibuliwa mwaka 1924 na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Injini iliyoanguka baharini Pwani na kulazwa kibandani wiki mbili haikupata bahati ya grisi.

Kuifaa kwa Jipe

Pima kimo cha ubao wa injini kutoka ukingo wa juu hadi chini ya mashua. Injini za mguu mfupi ni za kimo cha karibu sentimita 38, na za mguu mrefu karibu 51. Mguu mrefu kwenye mashua fupi utachimba tope la Jipe. Magugu nayo huziba tundu la kuvuta maji, kwa hiyo uwapo ziwani endelea kutazama ule mkojo wa injini. Usishangae pia ikiwa injini inaonekana dhaifu kuliko ilivyokuwa Mombasa. Jipe iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na injini hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Nguvu farasi 15 hubaki karibu 14.

Muhimu kuliko injini ni mashua kuendelea kuelea ikijaa maji. Mbao huelea zenyewe, faiba huzama. Mashua ya faiba ya kilo 300 ikiwa ndani ya maji bado huvuta chini kwa karibu kilo 100, ongeza na injini ya kilo 40. Kama ulitoa sponji iliyooza, lazima urudishe kitu. Mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa barabara huinua karibu kilo 20. Mitungi kumi iliyofungwa kwa kamba imara chini ya viti, mingi ikiwa pembeni na juu karibu na ukingo, na miwili karibu na injini, itaiacha mashua juu ya maji na watu wa kuishikilia. Ikifungwa sakafuni katikati, inaweza kuipindua. Jaribu ukingoni, mahali pasipo na viboko, kwa kuijaza maji makusudi.

Vibali

Katiba imezipa kaunti shughuli za vivuko na bandari, lakini usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini umebaki kwa serikali ya kitaifa, kupitia KMA, mamlaka ya usafiri wa majini. Mashua iliyokarabatiwa uani ikaguliwe na kupata leseni kabla ya kubeba mtu yeyote kwa malipo. Ya uvuvi huhitaji pia usajili chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2016. Anzia kwa afisa wa uvuvi wa kaunti na kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU. Sehemu ya Jipe inapakana na Mbuga ya Tsavo Magharibi, na huko utahitaji ruhusa ya KWS. Mpaka wa Tanzania unapita ziwani, na hauna uzio.

Siku ya kwanza majini nenda na mtu mmoja tu anayejua ziwa. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha likiwa limefungwa, na mbebe makasia mawili, kopo la kutolea maji, plagi ya akiba na kipini cha propela. Zungukeni karibu na ukingo kwa nusu saa, mrudi, mfungue kifuniko cha ngama na mtazame kama kuna maji. Kama yapo, mashua irudi kwenye lori au ukingoni siku hiyo hiyo, na mianya itafutwe ikiwa nchi kavu.